Mchoraji wa Theluji Aliyelifuata Jua la Ikweta



Kila Ijumaa, katika Masifu ya Asubuhi, Kanisa linasali Zaburi ya 51. Mle ndani mwenye dhambi anamwomba Mungu amsafishe mpaka awe mweupe kuliko theluji. Sisi wa kanda ya ziwa tunaisali kwa moyo wote, lakini tuseme ukweli: theluji yenyewe wengi wetu hatuijui. Tunaijua barafu, ile wanayopakia sangara pale mwaloni Kirumba. Theluji tumeiona kwenye picha, au kwa mbali kileleni Kilimanjaro, kama uliwahi kupita Moshi asubuhi na mawingu yakakubali kufunguka.

Kwa hiyo mimi, frateri niliyemaliza falsafa na bado nina maswali mengi kuliko majibu, nikaamua kumtafuta mtu aliyeitazama theluji kama kazi yake. Nikampata mchoraji wa Ufini, Akseli Gallen-Kallela. Sikuweza kumwacha kwa sababu mbili. Kwanza, ni baba aliyefiwa na mtoto mdogo, halafu akaitwa kupamba kaburi la mtoto wa mtu mwingine, na pale kaburini akachora majira ya baridi. Pili, aliwahi kuishi hapa kwetu Afrika Mashariki. Leo nakusimulia maisha yake, halafu tuone yanatuambia nini sisi tunaoishi kando ya Ziwa Viktoria.

Alizaliwa tarehe 26 Aprili 1865 huko Pori, mji wa magharibi mwa Ufini karibu na bahari. Nyumbani walizungumza Kiswidi, na jina alilopewa lilikuwa Axel Waldemar Gallén. Lile la Kifini tunalomjua nalo alilichukua mwaka 1907. Wakati huo Ufini haikuwa nchi huru, ilikuwa chini ya Kaisari wa Urusi, na wasomi wengi walikuwa wanatafuta namna ya kusema kwamba wao nao ni taifa. Baba yake hakufurahia wazo la kijana wake kuwa msanii. Akiwa na miaka 11 akapelekwa shule Helsinki. Baba alifariki mwaka 1879, na baada ya hapo kijana akaingia kwenye masomo ya kuchora. Mwaka 1884 akaenda Paris, mahali ambapo kila mchoraji wa Ulaya alitaka kupita.

Paris ilimpa ufundi. Lakini kitu cha kuchora alikipata kwao: misitu, maziwa, watu wa vijijini, na Kalevala, yaani zile tenzi za kale za Wafini zilizokusanywa kutoka vinywani mwa wazee katika karne ya 19. Mwaka 1890 alimwoa Mary Slöör, na safari yao ya arusi ikaelekea Karelia, mashariki, kulikokuwa na waimbaji wa tenzi hizo. Miaka michache baadaye akajenga nyumba ya magogo kando ya ziwa huko Ruovesi, katikati ya msitu, mbali na mji. Akaiita Kalela.

Hapo sasa ndipo theluji inapoingia.

Jaribu kufikiria. Sisi Mwanza tuko karibu kabisa na ikweta. Mchana wetu una saa 12 hivi, Januari mpaka Desemba. Jua linapanda moja kwa moja juu ya kichwa, na jioni linazama haraka. Ukimwacha mwenzako Capri Point kukiwa na mwanga, kabla hujafika stendi taa zimewashwa. Ufini siyo hivyo. Helsinki mwezi Desemba jua linaonekana saa 6 tu hivi kwa siku, na kaskazini ya mbali kuna wiki ambazo halichomozi kabisa. Na hata likichomoza, linatembea chinichini karibu na upeo, kama mtu anayechungulia dirishani bila kuingia ndani. Vivuli vinakuwa virefu mchana kutwa. Maziwa yanaganda mpaka watu wanatembea juu yake.

Mtu asiyejua atasema hapo mchoraji ana kazi rahisi: chukua rangi nyeupe, paka, umemaliza. Gallen-Kallela alijua siyo hivyo. Theluji haina mwanga wake yenyewe. Inaonekana nyeupe kwa sababu mwanga inaoupokea inaurudisha karibu wote, rangi zote pamoja, haibakizi kitu. Kwa hiyo jua likiwa la manjano, theluji nayo ina manjano. Jua likishuka likawa jekundu, theluji inaona haya. Na pale penye kivuli, ambapo jua halifiki, theluji inapokea mwanga wa anga peke yake, na anga ni buluu, hivyo kivuli kinakuwa cha buluu. Yaani hata gizani pake theluji bado inarudisha, ila inarudisha kile kidogo inachokipata.

Mwaka 1893 alichora maporomoko ya Imatra wakati wa baridi: maji yanayochemka kwa povu, yamekataa kuganda, na kingo zote mbili zimefunikwa na theluji na barafu. Mwaka 1906 akachora picha aliyoiita kwa jina la pango la paka mwitu mkubwa wa misitu ya Ulaya, lakini kinachojaza picha ni theluji yenyewe, imelala nene kama magodoro juu ya mteremko na miti. Ukiitazama vizuri utaona weupe mtupu ni mchache mno. Ni buluu, ni zambarau, ni njano hafifu, na jicho lako lenyewe ndilo linalojumlisha na kusema: nyeupe.

Katikati ya picha hizo mbili kuna kaburi.

Mwanzoni mwa mwaka 1895 alikuwa Berlin kwa ajili ya maonyesho ya kazi zake pamoja na mchoraji wa Norwe, Edvard Munch. Akiwa huko, binti yake Marjatta akashikwa na dondakoo nyumbani na kufariki. Alikuwa mtoto mdogo wa miaka mitatu hivi. Mimi sitabuni alichowaza baba yule njiani kurudi. Wewe uliyewahi kupigiwa simu ukiwa mbali, shuleni au kazini, ukaambiwa rudi nyumbani bila kuelezwa kwa nini, unajua safari ya namna hiyo inakuwaje.

Tunachokijua ni kile alichochora baadaye. Mwaka 1897 alimaliza picha ya mama wa Lemminkäinen. Katika Kalevala kijana huyo anauawa na kutupwa katika mto wa Tuonela, nchi ya wafu, na mama yake anaenda na reki kumkusanya kutoka majini, kipande kwa kipande. Pichani mama ameketi ukingoni, mwili wa mwanawe uko mbele yake, na macho yake ameyainua juu ambako miale ya mwanga inashuka. Anangoja nyuki alete dawa kutoka mbinguni. Mchoraji alimtumia mama yake mzazi kama mfano wa sura. Mkatoliki yeyote akiiona atamkumbuka Mama Maria amempakata Yesu aliyeshushwa msalabani, ingawa hadithi yenyewe ni ya zamani za kipagani na mchoraji hakuwa Mkatoliki.

Halafu ikaja kazi ya Pori, mji wake wa kuzaliwa. Mfanyabiashara mmoja tajiri wa hapo, Jusélius, alifiwa na binti yake Sigrid mwaka 1898, akiwa na miaka 11, kwa kifua kikuu. Baba akajenga jengo zima la kaburi kwa ajili yake, na akamwita Gallen-Kallela achore kutani. Fikiria hapo: baba aliyefiwa na binti anamwita baba mwingine aliyefiwa na binti. Kuanzia mwaka 1901 mpaka 1903 alichora juu ya plasta mbichi, ufundi aliokwenda kujifunza Italia. Akachora watu wa kila namna wamesimama kwenye ukingo wa mto wa mauti wakingoja kuvushwa. Akachora pia majira ya mwaka. Na mojawapo ni baridi: msitu chini ya theluji, kimya.

Ndugu yangu, hapa ndipo niliposimama kwa muda mrefu. Ningekuwa mimi, kwenye kaburi la mtoto ningechora maua. Yeye alichora maua ya majira mengine, lakini hakuiruka baridi. Hakumdanganya yule baba kwamba theluji haipo. Ila theluji aliijua vizuri kuliko wengi. Alijua kwamba hata pale kivulini, kuna mwanga unaofika.

Na sisi wa Mwanza tunalo jambo hili karibu. Ziwa letu ni zuri, kila mgeni anasema. Jua likizama nyuma ya mawe ya Bismarck watu wanapanga foleni kupiga picha. Ziwa hilohilo, tarehe 21 Mei 1996, lilimeza MV Bukoba na mamia ya watu, karibu kabisa na Mwanza, walikuwa wanakaribia kufika. Makaburi yao yako Igoma. Mwaka 2018 likafuata lile la MV Nyerere kule Ukara. Wengi wetu tunaosoma hapa tulizaliwa baada ya MV Bukoba, lakini tumelelewa na watu ambao wakiangalia maji jioni wananyamaza ghafla, na ukiwa mtoto unajifunza usiulize. Kwao, ule uzuri na lile kaburi ni maji yaleyale. Mfini na theluji yake ni hivyohivyo: inameremeta, na inaua.

Kazi ya Pori haikudumu. Unyevu uliingia kutani na picha zikaanza kuharibika mchoraji mwenyewe akiwa bado hai. Nitarudi hapo.

Mwaka 1904, akiwa safarini Hispania, alipata malaria. Ndiyo, malaria hiihii yetu. Akapona polepole nchini kwao, kando ya ziwa linaloitwa Keitele, na akiwa huko akachora ziwa hilo zaidi ya mara moja. Picha moja iko London, katika Jumba la Taifa la Sanaa, tangu mwaka 1999. Hakuna mtu ndani yake. Ni maji yaliyotulia, kisiwa, mawingu, na mistari ya rangi ya fedha inayokata maji mshazari pale upepo ulipopita. Wavuvi wetu wanaijua mistari hiyo. Ukisimama juu ya jiwe lolote hapa Mwanza alfajiri, kabla upepo haujaamka vizuri, utaiona. Picha ile imetoka kwa mtu aliyetoka kutetemeka kitandani kwa homa, na haina haraka hata kidogo.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1909 alikuwa Paris tena na familia, mambo hayakumwendea kama alivyotarajia, na akaamua jambo ambalo marafiki lazima waliliona la ajabu. Akapanda meli na Mary pamoja na watoto wao wawili, Kirsti na Jorma, akashuka Mombasa, akapanda treni. Reli ile ilikuwa imefika Kisumu, kwenye ziwa letu, mwaka 1901. Yeye alishukia Nairobi, mji ambao haukuwa umemaliza hata miaka kumi na tano, na eneo hilo akaishi mpaka mwaka 1910 ulipokuwa unaishia. Huku Mwanza wakati huo tulikuwa chini ya Wajerumani.

Kwa jicho lililofundishwa na theluji, jua la ikweta si mchezo. Saa 6 mchana liko juu ya kichwa, vivuli vimejificha chini ya miguu, nyasi kavu zinawaka. Asubuhi na jioni, muda wa rangi, unapita mbio. Ule mwanga wa mshazari aliouzoea, unaodumu mchana kutwa, haupo. Ilibidi abadilike. Akachora haraka, mapigo mazito ya brashi, rangi kali: mbuga, miti, milima, wanyama, watu. Alitengeneza picha 150 hivi katika kipindi hicho. Nikizilinganisha na zile za theluji, naona kitu kimoja hakikubadilika. Kivuli chake hakiwi cheusi. Chini ya mti wa mbuga za Kenya utakuta zambarau na buluu, zilezile za msitu wa Ufini. Alikuwa bado anauliza swali lake la zamani: hapa ambapo jua halifiki, ni mwanga gani unafika?

Simfanyi mtakatifu. Alikuja kwa mgongo wa ukoloni, aliwinda wanyama wakubwa kama walivyofanya Wazungu wengine wa wakati ule, na aliondoka na mkusanyiko wa vitu vya wenyeji. Tunalijua jina la mchoraji, na hatuyajui majina ya Waafrika wengi aliowachora. Kijana Mkatoliki anapaswa kuona hilo nalo. Kujifunza kwa mtu hakuna maana ya kufumba macho juu yake. Na yeye aliyetufundisha kutazama kivuli hawezi kulalamika tukikitazama kivuli chake.

Aliporudi kwao, picha za Afrika hazikumpatia sifa kubwa, na nyingi akabaki nazo. Kati ya mwaka 1911 na 1913 akajenga nyumba nyingine, Tarvaspää, ambayo leo ni makumbusho yake. Ufini ilipata uhuru mwaka 1917, ikaingia vita vya wenyewe kwa wenyewe mwaka 1918, naye akawa upande wa jenerali Mannerheim, na akachora bendera na sare. Miaka ya 1920 aliishi Marekani kwa muda. Mwaka 1931, akitoka kutoa mhadhara Copenhagen, alipata homa ya mapafu njiani, na akafariki Stockholm tarehe 7 Machi akiwa na miaka 65. Alikuwa tena mbali na nyumbani, kama siku ile Marjatta alipokufa.

Na zile picha za Pori? Mwanae Jorma, yule aliyekuja naye Kenya akiwa mtoto, alikuwa mchoraji naye. Miaka ya 1930 alizichora upya palepale kutani, akifuata michoro ya maandalizi ya baba yake. Mwaka 1939 Umoja wa Kisovyeti ukaishambulia Ufini katika vita vinavyoitwa Vita vya Majira ya Baridi, na Jorma akauawa mwanzoni kabisa mwa vita hivyo. Lakini kazi ilibaki. Ukienda Pori leo, kaburi la Sigrid bado lina picha, na ile baridi bado ipo kutani. Na mali ya baba yake Sigrid ilianzisha mfuko ambao mpaka leo unagharimia utafiti wa tiba.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba ujuzi wetu wote unaanzia kwenye milango ya fahamu. Darasani niliandika hilo kwenye daftari, nikalijibu kwenye mtihani, nikafaulu. Ila ni mchoraji huyu aliyenisaidia kuona linavyogusa sala. Nilikuwa nadhani kuomba niwe mweupe kuliko theluji ni kuomba nisiwe na doa, niwe kama shati jipya lisilovaliwa. Theluji siyo shati jipya. Weupe wake ni kurudisha mwanga usio wake. Ikiwa juani inarudisha jua, ikiwa kivulini inarudisha anga, na haingoji kutoka kivulini ndipo ianze kurudisha.

Kijana mwenzangu, labda wewe sasa hivi uko kivulini. Umefiwa, au umefeli, au nyumbani hakuna amani, au umeungama dhambi ileile mara ya kumi na unaona aibu kurudi kwa padre. Sikuambii kwamba hapo ulipo pana jua. Nakuambia pana mwanga unaofika, hata kama ni kidogo na wa rangi nyingine: mama anayekuuliza kama umekula, rafiki wa jumuiya anayekaa nawe bila kuongea, Sakramenti ya Kitubio ambayo haichoki. Rudisha hicho kidogo unachokipata. Mungu hadai urudishe mwanga ambao hujapewa.

Kazi ya wiki hii ni ndogo. Chagua jioni moja, weka simu mfukoni, keti mahali unapoliona ziwa, au kama uko mbali nalo, mahali unapoliona anga. Kaa robo saa tu kabla jua halijazama mpaka giza liingie. Usipige picha. Hesabu rangi unazoziona kwenye maji au kwenye kivuli cha jiwe. Halafu sali Zaburi ya 51 yote, taratibu, na mwishoni mtaje kwa jina marehemu wako mmoja. Kama huna, waombee waliolala Igoma.

Raha ya milele uwape ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie. Amina.